Mama, nipo Córdoba!

Hamjambo wapendwa wangu? Na shikamoo mama, najua saa hizi Tanga umeshaishika simu unanisubiri. Leo sipo Ujerumani kama kawaida. Nipo Córdoba, kusini mwa Uhispania. Kutoka Madrid nimepanda treni ya mwendokasi, hata saa mbili hazikutimia nikawa nimefika.

Jengo hili nyuma yangu wenyeji wanaliita Mezquita. Hebu lisikilizeni hilo neno: Mezquita, msikiti. Ni neno lile lile! Wanalitamka hivyo mpaka leo, ingawa mfalme Mkristo, Ferdinand III, aliuteka mji mwaka 1236 na tangu hapo ni kanisa kuu la Kikatoliki, misa inasomwa kama kawaida. Ujenzi aliuanzisha mtawala Mwislamu wa hapa, Abd al-Rahman I, mwaka 785, na waliomfuata wakazidi kuongeza kwa miaka 200 hivi.

Twendeni ndani.

Nguzo ni 856. Tazameni hii, nyeusi. Jirani yake ina rangi ya waridi, na ile pale imechongwa mistari inayojipinda. Ukizisogelea unahisi ubaridi kama wa mtungi wa maji. Zile za mwanzo zilitolewa kwenye majengo ya kale ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala hapa kabla ya Waislamu, ndiyo maana hazifanani. Tena zilikuwa fupi, paa lingekuwa chini mno, kwa hiyo mafundi wakapandisha tao juu ya tao. Akili hiyo, jamani! Nyekundu mnayoiona ni matofali, nyeupe ni jiwe. Lakini upande ulioongezwa mwisho, wa waziri mkuu al-Mansur, nyekundu ni rangi tu iliyopakwa juu ya jiwe. Nimeinua kamera mpaka nikaona pale ilipofifia.

Na hii ndiyo mihrabu, kazi ya zama za khalifa al-Hakam II. Vipande hivi vidogo vya rangi ya dhahabu vilitoka kwa mfalme wa Bizanti, ile dola ya Kirumi ya mashariki, pamoja na fundi wa kuvipanga. Hapa nilinyamaza kabisa.

Katikati ya nguzo kuna kanisa lililoanza kujengwa mwaka 1523. Nitasema ukweli wangu: ni zuri, lakini kuona msitu wa nguzo umekatwa pale kulinichoma moyo.

Mkija, Jumatatu hadi Jumamosi njooni saa mbili na nusu asubuhi. Kwa saa moja hivi kuingia ni bure, na kuna utulivu.

Haya, nje. Huu mto ni Guadalquivir, jina lake ni Kiarabu, mto mkubwa. Sasa mimi nilivyoingia mgahawani! Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna. Na meya wao wanamwita alcalde, neno lililotokana na kadhi. Moyo ulifurahi, nikajisikia nipo ugenini nusu tu. Nilikula salmorejo, nyanya zilizosagwa na mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, inaliwa baridi. Huwa wanaweka nyama ya nguruwe juu, kwa hiyo semeni mapema, "sin jamón".

Na tumebahatika, ni Mei, mwezi ambao watu wanafungua nyua za nyumba zao wageni waingie kutazama maua. UNESCO iliitambua desturi hii mwaka 2012. Bibi wa nyumba hii ana vyungu vya maua ukutani mpaka juu kabisa, ngazi haitumii. Ana mwanzi mrefu umefungwa kopo nchani, anachota maji, anaupandisha taratibu, anainamisha kopo, na tone halimwagiki chini. Nimemtazama mpaka mkono wa kamera umechoka.

Nikamwambia kwa Kihispania changu cha kuunga, Mungu akijaalia nitamleta mama yangu aone. Akaweka mwanzi chini, akanishika mkono, akasema: "¡Ojalá!" Nalo ni la Kiarabu, maana yake ilikuwa Mungu akipenda.

Mama, kashughulikie pasipoti.