Petroli Nyuma ya Kiti cha Dereva

Mhadhara kwa mafundi wa magari na wapenzi wa michezo ya magari, Kampala

Mwenyekiti, wazee wetu wa gereji, vijana mnaojifunza kazi, habari za mchana. Nimeombwa niseme Kiswahili kwa kuwa humu ndani tuko watu wa Katwe na Ndeeba, kuna waliotoka Goma, kuna wa Busia ya huku na wa Busia ya kule. Basi tutaelewana.

Mada mliyonipa ni namna ya kubadilisha mfumo wa petroli wa gari la dabi, yaani ule mchezo wa Wamarekani ambapo magari makuukuu huingizwa uwanjani yagongane mpaka libaki moja linalotembea. Hapa kwetu tunaijua rali. Vumbi la rali ya Pearl of Africa tumelimeza, Busiika tumeenda kutazama pikipiki zikiruka. Dabi ya kugongana wengi wetu tumeiona kwenye simu tu, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, maana simu inaonyesha mgongano lakini haionyeshi kilichofanyika gereji wiki moja kabla.

Historia nitaipitia haraka. Mchezo huu ulishika kasi Marekani miaka ya 1950. Anayetajwa sana ni Larry Mendelsohn, aliyeuandaa katika uwanja wa Islip Speedway, jimbo la New York, mwaka 1958, ingawa wapo wanaosema ulichezwa kwingine kabla yake. Leo utaukuta zaidi kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya zao, baada ya ng'ombe na mahindi kupewa zawadi. Vioo vyote vinatolewa. Mlango wa dereva haugongwi kwa makusudi. Ukikaa bila kugonga gari lingine kwa muda uliowekwa, dakika moja au mbili, unatolewa. Na kuna gari, Chrysler Imperial za 1964 hadi 1966, ambazo viwanja vingi vimezipiga marufuku kwa sababu hazivunjiki. Gari linafukuzwa mchezoni kwa kosa la kuwa gumu! (Kicheko.)

Sasa tuje kwenye petroli.

Dereva wa dabi anayejua kazi yake hagongi kwa mbele. Mbele kuna radieta, na radieta ikipasuka injini ina dakika chache za kuishi. Kwa hiyo anaweka gia ya rivasi na kuwapiga wenzake kwa mkia. Mkia wa gari ndio nyundo. Na kwenye zile sedani kubwa za Kimarekani, tangi la petroli lilining'inia wapi? Nyuma ya ekseli, chini ya buti, katikati kabisa ya hiyo nyundo. Ford Crown Victoria, gari lililopendwa na polisi wao na baadaye na watu wa dabi, lilikuwa na tangi nyuma ya ekseli. Ford Pinto nayo ilikuwa hivyo, na mwaka 1978 kampuni iliyarudisha magari yapatayo milioni moja na nusu kurekebishwa, baada ya watu kuungua kwa kugongwa nyuma barabarani. Barabarani, nasema, si uwanjani.

Ndiyo maana kabla hujaifikiria injini, sheria ya dabi inakuambia: tangi la kiwandani litoke. Badala yake unafunga tangi dogo la chuma, au tangi la boti, ndani ya gari, nyuma ya kiti cha dereva, pale palipokuwa kiti cha abiria wa nyuma. Likae katikati, mbali na milango yote miwili.

(Minong'ono ukumbini.)

Nasikia minong'ono. Mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa, na ana haki. Sote tumeiona taksi ya Hiace ambayo pampu yake imekufa. Konda ananunua jerikani ya lita tano, inawekwa karibu na kiti cha mbele, mpira unashuka hadi kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na safari ya Mukono inaendelea. Wapo humu ndani waliofunga jerikani hizo, siwataji. Ukitazama kwa macho, tangi la dabi na jerikani ya taksi ni kitu kimoja: petroli ndani ya gari, mgongoni mwa mtu. Nimekuja kuonyesha vinapoachana, kwa sababu anayeiga dabi kwa kuitazama kwenye simu atatengeneza jerikani ya taksi na kuingia nayo uwanjani.

Kwanza tukumbushane kinachowaka. Petroli ikiwa maji haiwaki. Unaowaka ni mvuke wake. Nao huanza kutoka, wa kutosha kushika moto, hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Kampala. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupai kwenda zake. Unatambaa sakafuni, unaingia kwenye mitaro, unatafuta cheche. Ukifika karibu asilimia 1.4 ya hewa unashika moto, na ukizidi kama 7.6 hauwaki tena kwa kukosa hewa. Namungoona, Juni 2013, watu walilikimbilia lori la mafuta lililopata ajali wakakinga petroli kwa vyombo, na zaidi ya 30 wakafa. Oktoba 2024 yakajirudia Kigogwa, barabara ya Bombo. Wengi wao hawakuwa wameshika moto mkononi. Walikuwa wamesimama ndani ya mvuke.

Na hapo hapo, vijana wa kuchomelea, nisikilizeni: lile tangi la kiwandani mlilolitoa, lililokauka, msiliguse na moto. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mvuke na hewa vimeshachanganyika kwa kipimo. Limwagwe nje ya gereji, penye upepo, kisha liuzwe chuma chakavu likiwa limejaa maji.

Haya. Tofauti ya kwanza ni kufunga. Lita 20 za petroli, na dabi haihitaji zaidi ya hapo kwa sababu raundi ni fupi, zina uzito wa kilo kama 15. Gari likisimama ghafla kwa nguvu ya mara 20 ya uzito wa kawaida, kilo hizo 15 zinasukuma kama kilo 300. Jerikani ya taksi imefungwa na nini? Na mpira wa mizigo wa boda boda, au haikufungwa, imeshikwa na magoti ya konda. Tangi la dabi linapitishiwa mikanda ya chuma juu, boliti zinatoboa sakafu hadi chini, na chini ya sakafu kuna bamba la chuma ili boliti isichomoke na bati. Skrubu za bati hazitakiwi. Na tangi lenyewe likae ndani ya boksi la chuma kama ni la plastiki.

Kupumua: tangi lisipopumua, pampu inavuta mpaka linabonyea na injini inakosa petroli. Lakini tundu la kupumulia likiachwa wazi, gari likipinduka unamwagiwa. Kwa hiyo unaweka valvu yenye gololi inayojifunga tangi likilala, na mpira wake unapita sakafuni na kutokea nje. Kifuniko cha jerikani kilichotobolewa na msumari hakihusiani na jambo hili hata kidogo.

Mpira wa petroli ndio mahali ambapo hata mafundi wazuri hukosea. Njia ya kiwandani ilipita chini ya gari, ubavuni. Kwenye dabi chesesi ya nyuma inakunjwa kama rolex, ile chapati yetu ya mayai, na bomba lililo humo linabanwa na kukatwa. Kwa hiyo unapita ndani, juu ya sakafu, katikati pale palipoinuka kwa ajili ya gia, na unauacha mpira ulegee kidogo. Usiunyooshe ukawa kama uzi wa gitaa. Gari litafupika, na mpira ulionyooshwa unachomoka kwenye pampu. Unapotoboa ukuta wa injini uweke mpira wa kinga tunduni, kwa sababu bati lililokatwa ni kisu.

Na mkienda soko la Kisekka kununua mpira, someni maandishi yaliyo ubavuni. Ule ulioandikwa 30R7 ni wa kabureta, ambayo presha yake ni psi (kipimo cha presha) nne hadi saba. Injini ya injekta, inayopuliziwa petroli kwa presha, inasukuma psi 40 na zaidi, hiyo inataka 30R9. Yule muuzaji atakuambia mpira ni mpira. Mwache. Ule wa plastiki unaoonyesha ndani, wa maji, petroli inaukausha mpaka unapasuka kwa kuukunja tu. Tena ukihama kutoka injekta kwenda kabureta ubadilishe na pampu, la sivyo presha itaisukuma sindano ya kabureta na petroli itafurika juu ya injini. Ukibaki na injekta, usisahau mpira wa kurudisha mafuta tangini. Nao unabeba petroli, nao unahitaji kinga ile ile.

Ekzosi wanaitoa juu, kupitia boneti. Wengi mnadhani ni mapambo, moto utoke watu washangilie. Ekzosi ya chini inapigwa, inabonyea, inasogea mpaka inagusa mahali petroli inapopita. Ikiwa juu haina cha kugusa.

Sasa pampu na swichi, na hapa mnivumilie, maana kama ningepewa dakika tano tu leo ningezungumza haya peke yake.

Pampu ya zamani, inayosukumwa na injini, ina uungwana wake: injini ikizima, nayo inanyamaza. Pampu ya umeme haijui kama injini imekufa. Ina umeme, inazunguka. Dereva kagongwa, kichwa kinamzunguka, ufunguo bado umewashwa, mpira umekatika, na pampu ya injekta inamwaga zaidi ya lita moja kila dakika juu ya ekzosi yenye moto. Toyota waliliona hili zamani. Kwenye Corona na Premio za miaka ya 1990 kuna rilei ambayo, kompyuta isipopata dalili kwamba injini inazunguka, inakata umeme wa pampu. Kazi yake ni hiyo.

Na sisi tunaifanyaje? Mnakijua kile kiboksi cha kupimia kilicho chini ya boneti. Ukiunganisha matundu yake yaliyoandikwa FP na B+ kwa kipande cha waya, pampu inazunguka mara tu ufunguo ukiwashwa. Ni njia halali ya kupima pampu. Lakini nimeikuta waya hiyo imeachwa mle, imefungwa selotepu vizuri kabisa, kwenye gari la mama aliyelipia rilei mpya. Gari linawaka, mteja anafurahi. Siku atakapogongwa Jinja Road pampu itaendelea kumwaga, na hakuna atakayejua ni kwa nini.

Dabi inataka swichi ya pampu peke yake, tofauti na ya injini. Iwe mahali dereva anapoifikia akiwa amefunga mkanda, na mwokoaji anaifikia kwa kuingiza mkono dirishani. Ipakwe rangi nyekundu, iandikwe, na ionyeshe wazi upande gani ni kuzima. Mwokoaji hana muda wa kubahatisha. Fundi mwangalifu anaongeza kinga ya pili: umeme wa pampu anaupitisha kwenye swichi ya presha ya oili, injini ikizima presha inashuka na pampu inakatika yenyewe, hata kama dereva amezimia. Kwa kuwashia unahitaji kitufe cha kubonyeza, kwa sababu kabla injini haijazunguka hakuna presha. Betri nayo inahamia ndani, sakafuni upande wa abiria, ifungwe na kufunikwa kwa mpira.

Mkaguzi akija, jambo la kwanza anawasha pampu, anazima swichi, anasikiliza. Ikiendelea kulia, gari linarudi nyumbani kwenye trela lililolileta.

Maswali.

Kijana ameuliza kama Premio nayo lazima ing'olewe tangi. Swali zuri. Premio tangi lake liko chini ya kiti cha nyuma, mbele ya ekseli, na viwanja vingi vya Marekani, kwenye daraja la magari madogo, vinaruhusu tangi la namna hiyo libaki. Mimi ningeliacha, ningeshughulika na swichi na mipira. Kubadilisha kilicho salama ili gari lifanane na la kwenye video ni kujitafutia kazi.

Bwana wa Busia anauliza dizeli. Dizeli inahitaji joto la nyuzi 52 au zaidi ndipo itoe mvuke wa kuwaka, kwa hiyo ni mpole. Lakini ikitoka kwa presha kama ukungu juu ya ekzosi nyekundu, upole wake unaishia hapo.

Na ndugu wa taksi, nimekuona umenyoosha mkono tangu mwanzo. Anauliza: pampu ikinifia Mukono saa mbili usiku, nina abiria 14, nifanye nini kama si jerikani? Ndugu yangu, kwenye Hiace injini iko chini ya kiti chako. Jerikani unayoiweka pale imekaa juu ya ekzosi, haina valvu wala mkanda, na mlango wa abiria ni mmoja. Washushe, warudishie nauli iliyobaki, watafutie gari lingine. Watakutukana, vumilia. Kisha nunua pampu mbili za kabureta, moja uifunge na moja ikae chini ya kiti na spana zake, ili siku nyingine uibadilishe pale pale kituoni.