Stesheni ya Dar es Salaam: Iliyojengwa kwa Ajili ya Bandari, Inayodaiwa na Jiji

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie Stesheni ya Dar es Salaam, historia yake na huduma zake. Hoja yangu ni kwamba stesheni hii haikujengwa kwa ajili ya wakazi wa jiji. Ilijengwa kwa ajili ya bandari, na kila aliyeishika baada ya hapo, Mwingereza na hata Serikali yetu wenyewe, aliirithi pamoja na mwelekeo huo.

Ushahidi wa kwanza ni mahali ilipo, jirani kabisa na bandari. Wajerumani, waliohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma, takriban kilomita 1,250 kutoka pwani, mwaka 1914. Kazi ya reli hiyo inaonekana wazi katika safari ya meli ambayo leo tunaiita MV Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika maelfu ya makasha, ikashushwa bandarini hapa, ikapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuingizwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Meli yenye urefu wa mita 70 hivi ilivushwa nchi kavu kwa reli iliyokuwa bado mpya, na mafundi wa chuma, wapagazi na makuli walioifanya kazi hiyo hawatajwi kwa majina katika simulizi nyingi, jambo ambalo kwangu ni deni la historia yetu.

Waingereza, walioichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakubadili shabaha. Mwaka 1921 walikubali Wabelgiji wapewe maeneo yao bandarini Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo), walizozitawala, ipite hapa, na mwaka 1928 tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza, likafungua njia ya pamba ya Usukuma kuelekea baharini.

Sisemi kwamba abiria hakuwapo. Kwa vizazi kadhaa, treni ya bara imewachukua wanafunzi, askari, wafanyabiashara na familia zinazokwenda kuzika au kuozesha, na siku ya safari jukwaa la stesheni hujaa viroba, ndoo na magodoro yaliyokunjwa, huku abiria wa daraja la tatu wakipitishiana mizigo madirishani. Lakini huyo ni msafiri wa mbali. Mfanyakazi anayeishi Vingunguti, ambako reli inapita karibu na milango ya watu, kwa muda mrefu aliisikia treni ikipiga honi huku yeye akigombania daladala.

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulituachia shirika letu wenyewe la reli, ukodishwaji wake kwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007 haukudumu, na mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yaliharibu vibaya njia kati ya Kilosa na Gulwe. Mabadiliko ninayoyathamini zaidi yalikuja Oktoba 2012, pale treni ya abiria wa mjini, ambayo wananchi waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza kwenda Ubungo Maziwa asubuhi na jioni. Mabehewa yalikuwa ya zamani na reli ni ileile ya Wajerumani kwa upana wake, lakini ratiba ilifuata saa za kwenda na kutoka kazini.

Kisha ikaja reli ya kisasa. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Kwa kuwa upana wa reli mpya ni milimita 1,435 na wa ile ya zamani ni 1,000, behewa la njia moja haliwezi kuingia kwenye njia nyingine, na ndiyo maana tuna stesheni mbili zilizo jirani lakini zenye mitandao isiyoungana. Anayetoka Kigoma kwa reli ya zamani akitaka kuendelea na treni ya umeme ni lazima ashuke na mizigo yake yote.

Basi, wanaopanga ratiba nawaomba waitazame Pugu. Treni ya umeme ina kituo pale, na kingine Soga, na kingine Ruvu, maeneo ambayo watu wa kipato cha kawaida bado wanaweza kujenga. Treni chache za alfajiri na za jioni zinazosimama vituo hivyo, kwa nauli ambayo mfanyakazi anaweza kuilipa kila siku, na zinazofika mjini kwa wakati wa kuunganisha na mabasi ya mwendokasi pale Gerezani, zingewahudumia watu wengi wanaoamka saa kumi za usiku ili wawahi kazini.