Nani Aulizwe Kabla Kiwanda Hakijafungwa?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika. Nitazungumzia ubepari, na kwa nini haufanani kila nchi.

Nianze na mwaka 2009. Msukosuko wa fedha uliozuka Marekani ulikuwa umeshavuka bahari, na viwanda vya Ujerumani, ambavyo vinaishi kwa kuuza mashine na magari nje, vikakosa oda ghafla. Uchumi wa Ujerumani ulisinyaa mwaka huo kwa zaidi ya asilimia 5. Wa Marekani ulisinyaa kwa takriban nusu ya hapo. Ukipiga hesabu ya kawaida utasema basi Wajerumani ndio waliopoteza kazi kwa wingi. Ikawa kinyume. Marekani ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 mwezi Oktoba, na Ujerumani haukupanda hata kwa pointi moja.

Kilichotokea ni hiki. Ujerumani kuna utaratibu unaoitwa Kurzarbeit, kazi ya saa pungufu. Oda zikikauka, mfanyakazi haachishwi, anapunguziwa saa. Kampuni inamlipa saa alizofanya, na mfuko wa bima ya ajira unamfidia asilimia 60 ya kile kilichokatika kwenye mshahara wake wa mkononi, au 67 kama ana mtoto. Katikati ya mwaka ule watu karibu milioni moja na nusu walikuwa wakilipwa hivyo.

Najua wapo watakaosema Mjerumani ana huruma na wafanyakazi wake. Hapana. Mwajiri wa Kijerumani anapiga hesabu kama mwajiri mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba hesabu yake ina namba nyingine. Mchukueni fundi mitambo mmoja. Amekaa kwenye uanagenzi miaka mitatu na nusu, siku nyingi za wiki akiwa kiwandani na siku moja au mbili akiwa chuoni, na muda wote huo kampuni ndiyo iliyokuwa ikimlipa posho. Ukimfukuza leo, oda zikirudi mwakani utampata wapi mwingine? Kumweka kwa nusu ya saa zake za kazi ni nafuu kuliko kumfundisha mpya.

Sasa jiulizeni: kwa nini kampuni ikubali kumfundisha mtu miaka yote hiyo wakati jirani anaweza kumnyakua siku ya kuhitimu? Kwa sababu mishahara imekuwa ikipangwa kwa sekta nzima, kati ya chama cha wafanyakazi na chama cha waajiri, kwa hiyo jirani hana cha maana cha kumvutia nacho. Na kijana naye, kwa nini avumilie posho ndogo? Kwa sababu mtihani wake wa mwisho unasimamiwa na chemba ya biashara, si na bosi wake, na cheti kinaheshimiwa nchi nzima. Juu ya hayo kuna sheria ya mwaka 1976: kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 inawapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Msiitukuze mno, maana mwenyekiti wa bodi hutoka upande wa wanahisa na kura zikifungana yeye ana kura ya ziada. Lakini meneja anayetaka kufunga kiwanda lazima aingie kwenye chumba hicho na kueleza sababu zake mbele ya watu ambao kazi zao ndizo zitakazopotea.

Mnaona jinsi kila kipande kinavyoshikwa na kingine. Ndiyo maana huwa natabasamu nikisikia ujumbe wa serikali fulani umekwenda Ujerumani kujifunza uanagenzi. Wanarudi na mitaala na picha za karakana. Mkataba wa mishahara wa sekta, chemba zenye meno, waajiri waliojipanga kwenye vyama, vyote vinabaki kule kule. Halafu mradi ukifa, lawama zinamwangukia kijana.

Marekani nayo ina mantiki yake, tusiifanye kuwa ni vurugu tu. Kule, kwa kawaida, mwajiri anaweza kukuachisha kazi wakati wowote bila kutoa sababu, na wewe unaweza kuondoka vivyo hivyo. Basi mtu mwenye akili hawekezi katika ujuzi wa kiwanda kimoja; anasaka shahada na ujuzi anaoweza kuhama nao. Kampuni changa inaajiri mamia kwa kasi, ikianguka watu wanatawanyika kwenda kwingine, na mwenye mtaji alishajua tangu mwanzo kwamba nyingi kati ya kampuni alizozitilia fedha zitakufa. Katika mazingira hayo haishangazi kwamba makampuni makubwa ya intaneti yalichomoza California, wakati Wajerumani waliendelea kuwa mabingwa wa kuiboresha mashine ile ile mwaka hadi mwaka.

Ila msidhani kila kipande kiliwekwa pale kwa makusudi. Mmarekani wa kawaida hupata bima ya afya kupitia mwajiri, na akipoteza kazi bima nayo ina hatari ya kwenda. Asili yake ni vita. Mwaka 1942 serikali ilidhibiti mishahara ili kuzuia mfumuko wa bei. Waajiri, wenye njaa ya wafanyakazi na wasioruhusiwa kuongeza mshahara, wakaanza kuwavutia watu kwa bima, ambayo haikuhesabiwa kuwa mshahara. Sheria ya kodi ya 1954 ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri hautozwi kodi. Vita viliisha, udhibiti ukaondolewa, bima ikabaki, na kuizunguka wakajikusanya watu wengi ambao riziki yao inategemea ibaki ilivyo.

Nije Sweden, maana hapo ndipo neno "utamaduni" hutumika ovyo. Tunaambiwa Waswidi wamezaliwa wakipenda maelewano. Katika miaka ya 1920 Sweden ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosumbuliwa zaidi na migomo duniani. Mei 1931, huko Ådalen, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji na watu watano wakafa. Miaka saba baadaye, mwaka 1938, shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri walitia saini makubaliano huko Saltsjöbaden, karibu na Stockholm. Wauaji na wapatanishi hawakuwa mataifa mawili tofauti. Kilichobadilika ni mizani ya nguvu: chama cha Social Democrats kilikuwa kimeingia madarakani mwaka 1932 na hakikuonekana kama kitaondoka, na waajiri wakaona heri wakubaliane wenyewe na wafanyakazi kuliko bunge liwatungie sheria. Mpaka leo Sweden haina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Viwango vinapangwa na pande mbili.

Na utaratibu huo una meno. Oktoba 2023 mafundi wa Tesla nchini Sweden waligoma kwa sababu kampuni ilikataa kusaini mkataba wa pamoja na chama chao cha wafanyakazi. Mafundi wenyewe ni wachache mno kuweza kuitikisa kampuni ya ukubwa ule. Lakini wafanyakazi wa bandari wakakataa kushusha magari yake, wa posta wakakataa kupeleka bahasha zenye namba za usajili, na mafundi umeme na wafanya usafi wakajiunga. Migomo ya kuunga mkono ya namna hiyo ni halali Sweden. Marekani, sheria ya mwaka 1947 iliifungia mlango karibu yote. Uingereza, migomo hiyo ilipigwa marufuku enzi za Margaret Thatcher. Gari ni lile lile na mwenye kampuni ni yule yule. Kinachotofautiana ni nani ameruhusiwa kisheria kusimama upande wa nani.

Sasa mabadiliko. Wengi tunatazama siku kubwa: Reagan kuwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma Agosti 1981, au Korea Kusini kupiga hodi Shirika la Fedha la Kimataifa mwishoni mwa 1997. Siku hizo zina uzito. Lakini hata Korea mbegu zilipandwa mapema. Park Chung-hee, baada ya mapinduzi ya 1961, alizitia benki mkononi mwa serikali, na mkopo ukawa unakwenda kwa kampuni inayofikia malengo ya kuuza nje. Miaka ya mwanzo ya 1990 hatamu zikalegezwa, makampuni na benki zikakimbilia mikopo ya muda mfupi ya nje, na wakopeshaji walipoogopa, nchi ikakosa dola. Yaani mfumo wa zamani ulikuwa umeshatobolewa kabla haujalaumiwa kwa kuzama.

Mabadiliko ninayoyaogopa zaidi kama mtafiti ni yale ambayo hayana tarehe. Turudi kwenye mikataba ya sekta ya Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, upande wa magharibi, ilikuwa inawagusa takriban theluthi mbili ya wafanyakazi. Siku hizi ni chini ya nusu. Hakuna sheria iliyofutwa. Vyama vya waajiri vilibuni uanachama wa aina ya pili: unalipa ada, unapata mwanasheria na ushauri, lakini mkataba wa mishahara haukubani. Kampuni nyingi za mashariki baada ya muungano wa 1990 hazikujiunga kabisa. Kazi za huduma zikaongezeka kuliko za viwandani. Mwaka 2015 serikali ilipoweka kima cha chini cha euro 8.50 kwa saa, kwa mara ya kwanza kwa nchi nzima, watu walishangilia. Nami sikukikataa, ila nilikisoma kama ushahidi kwamba vyama havikuweza tena kulilinda soko lote vyenyewe.

Benki nazo. Kwa miongo mingi benki na makampuni ya bima ya Ujerumani yalishikilia hisa kubwa za viwanda, na hilo liliwapa mameneja nafasi ya kupumua. Serikali ya Kansela Gerhard Schröder ikaondoa, kuanzia 2002, kodi kwenye faida ya kampuni inapouza hisa zake katika kampuni nyingine. Hisa zikaanza kuuzwa. Waliofanya hivyo ni Social Democrats wa Ujerumani, chama cha Schröder mwenyewe, tena sheria ilipitishwa mwaka 2000, miezi michache tu baada ya nchi kushtuka kuona Vodafone ya Uingereza imeimeza kampuni ya Kijerumani ya Mannesmann.

Je, wote wanaelekea kuwa Marekani? Hivyo ndivyo ilivyodaiwa kwa kujiamini sana miaka ya 1990. Mwaka 2022 Marekani yenyewe ilipitisha sheria ya kutenga zaidi ya dola bilioni 50 kusaidia viwanda vya chipu, jambo ambalo Park angelielewa bila mkalimani.

Nimalizie na China, kwa kuwa naona mikono imeshainuka. Kuna soko la hisa, kuna mabilionea, kuna ushindani mkali kuliko mnavyoudhania. Benki kubwa ni za serikali, na chama cha wafanyakazi ni shirikisho moja lililo chini ya Chama cha Kikomunisti. Novemba 2020, siku mbili kabla hisa za Ant Group, kampuni ya malipo na mikopo ya mtandaoni, hazijaanza kuuzwa, katika mauzo ya hisa ambayo yangekuwa makubwa kuliko yote duniani, wasimamizi waliyasimamisha. Wanahisa hawakuulizwa, wala wafanyakazi. Mimi bado nauita mfumo huo ubepari, na najua mwenyekiti hakubaliani nami, kwa hiyo namwachia kipaza sauti.