Nauli ya Tarumbeta

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie jazi na siasa za dunia. Wengi wakisikia hivyo hutarajia nyimbo za kupinga, zenye maneno makali. Mimi naanza na nauli. Kila ninaposikia bendi imevuka bahari, nauliza: nani kalipa?

Oktoba 1960 Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu wa Marekani, alitua Léopoldville, Kinshasa ya leo. Watu walimbeba kitini juu kwa juu kama mfalme. Serikali ya Marekani, iliyokuwa ikigombea Afrika na Wasovieti, ilichangia gharama za ziara ile. Na tarumbeta ikilia, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo aliyekuwa ameondolewa madarakani, alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake katika mji huohuo. Januari 17, 1961 akauawa. Nikisikia moja, la pili linanijia.

Tusimwonee Armstrong, hata hivyo. Mwaka 1957 gavana wa jimbo la Arkansas, Marekani, alipotumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule huko Little Rock, Armstrong alikataa ziara ya Urusi aliyopangiwa na serikali hiyohiyo. Mtu aliyezoeleka kwa tabasamu lake alisema hapana mbele ya dunia nzima. Kwangu hilo lina uzito kama rekodi zake bora.

Sasa njoo kwetu. Januari 1960, wanasiasa wa Kongo walipokaa Brussels na Wabelgiji kujadili uhuru, mwimbaji Joseph Kabasele alikuwako na bendi yake, African Jazz. Ndipo ulipozaliwa wimbo wa "Indépendance Cha Cha". Watu husifu maneno yake, yanayotaja viongozi na vyama. Mimi naomba mtege sikio kwa gitaa la Nico Kasanda. Linatembea juu ya mdundo wa Cuba bila papara, kila noti imesimama peke yake, safi. Muziki huo wa Cuba ulitufikia kwa santuri za GV, mfululizo wa rekodi za nyimbo hizo, zilizoanza kuletwa Afrika miaka ya 1930. Na Cuba, mizizi ya midundo yake ilipelekwa na Waafrika waliofungwa minyororo. Basi Kongo ilisherehekea uhuru kwa mdundo uliokwenda utumwani ukarudi. Sijasikia hotuba iliyolisema hilo vizuri kuliko lile gitaa.

Wapo wahakiki wenzangu wasemao hiyo si jazi. Nakataa kabisa. Bendi zetu za Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz hazikukosea jina. Kwao jazi ilikuwa tarumbeta, saksafoni, gitaa na dansi la usiku. Ilikuwa kudai nafasi yao katika dunia ya leo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Tena ipo nauli iliyolipwa hapahapa. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya NUTA, chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kilipogeuka tena OTTU, ikawa OTTU Jazz. Kila mara siasa za nchi zilipohama, jina nalo lilihama. Lakini mtindo wao uliitwa Msondo, na huo ulikuwa mali ya wapiga muziki na wachezaji wao. Vyama vile vimepita. Bendi inaitwa Msondo Ngoma.