Robo Saa Isiyo Kwenye Ratiba: Wiki ya Mwalimu wa Kiingereza Nchini Japani

Waheshimiwa walimu, wanachuo na wageni wetu,

Nimeombwa nieleze wiki moja ya mwalimu wa Kiingereza nchini Japani, na waandaaji wamependekeza nianze Jumatatu asubuhi na kuishia Ijumaa jioni. Nitajitahidi kuufuata mpangilio huo, lakini naomba mniwie radhi mapema, kwa sababu kila nikiisimulia wiki hiyo hukwama kwenye robo saa moja, na robo saa hiyo nimeizungumzia katika kumbi nyingi kiasi kwamba baadhi yenu mmekwisha kuisikia. Nitairudia hata hivyo. Bado naona wizara, wakuu wa shule, na walimu wenyewe wakiihesabu kazi ya ualimu kwa vipindi, na maadamu hesabu hiyo ina kosa, sina sababu ya kunyamaza.

Nilifanya kazi kwa miaka mitatu katika mji mdogo wa mkoa wa Nagano, kwenye mashamba ya matofaa na milima inayopata theluji mapema, nikiwa mwalimu msaidizi wa lugha katika shule ya sekondari ya chini. Kazi ya namna hiyo ilipanuka tangu mwaka 1987, serikali ya Japani ilipoanzisha mpango wa JET wa kualika vijana kutoka nje. Msaidizi wa aina yangu hana leseni ya ualimu ya Japani, kwa hiyo hafundishi peke yake: husimama darasani pamoja na mwalimu Mjapani mwenye leseni, wawili mbele ya ubao mmoja. Naomba muwashike hao wawili akilini, kwa kuwa hoja yangu yote imo baina yao.

Wiki ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa Oktoba, siku kumi hivi kabla ya mitihani ya nusu muhula. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa mwaka wa pili, mwenye uzoefu mkubwa kuliko wangu. Alikuwa pia mwalimu wa darasa, na tena msimamizi wa kilabu cha mpira wa vinyoya. Jumatatu saa 1:30 asubuhi alikuwa tayari ukumbini na wachezaji wake, akiwasimamia katika mazoezi ya asubuhi. Mimi niliingia saa 2:15, kama mkataba wangu ulivyosema, nikamkuta kwenye mkutano wa asubuhi wa chumba cha walimu, nywele zikiwa bado na majimaji ya jasho. Hatukupata kusemezana. Akaenda darasani kwake kuita majina, akarudi kuchukua vitabu, akaenda kufundisha.

Mtu ataniambia kwamba mchana yapo mapumziko ya chakula, tungezungumza wakati huo. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kila mara hunisikitisha, kwa sababu anayeuliza hajaona chakula cha mchana katika shule ya Japani. Chakula huletwa darasani. Wanafunzi wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, hupakua supu na wali, na mwalimu hula humo humo pamoja nao, kwa kuwa mlo ule unahesabiwa kuwa sehemu ya malezi. Jumatatu ile nilipita mlangoni kwake nikamwona: rundo la madaftari ya shajara za wanafunzi kando ya bakuli lake, vijiti vya kulia vimewekwa juu ya bakuli, na kalamu nyekundu mkononi. Kila mwanafunzi huandika mistari michache kuhusu siku yake, na mwalimu wa darasa hujibu kila daftari kabla watoto hawajaenda nyumbani. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi 34. Alikuwa anasoma, anaandika, anakula kijiko cha supu, anamkanya mtoto aliyesimama, anasoma tena. Baada ya chakula kulikuwa na usafi, ambao wanafunzi hufanya wenyewe, na mwalimu hushika kitambaa pamoja nao.

Baada ya vipindi vya alasiri, saa 10:15 jioni, mkataba wangu uliniruhusu kwenda nyumbani, na hapo ndipo yeye alipokwenda ukumbini kwa ajili ya kilabu. Alirudi mezani kwake saa 12 jioni, giza limeingia. Angalieni ratiba hizo mbili zikiwekwa sambamba: saa zangu zilikwisha karibu saa mbili kabla ya yeye kupata nafasi ya kukaa. Aliyezipanga ratiba hizo alihakikisha tunakutana darasani, na hakuhakikisha tunakutana mahali pengine popote.

Sasa nifike Jumanne, kwa sababu Jumanne ndiyo iliyonifundisha.

Usiku wa Jumatatu nilikuwa nimekata kadi 36 za karatasi ngumu kwa ajili ya somo la kuelekeza njia. Nilichora stesheni, posta, daraja, hospitali, taa za barabarani, nikaandika maneno nyuma kwa wino mweusi. Kipindi chetu kilikuwa cha tatu. Tukakutana kwenye korido, yeye akitoka darasa moja na mimi nikitoka ngazini, kengele inalia. Kikao cha aina hiyo Wajapani hukiita *uchiawase*, yaani kupatana kabla ya kazi, na neno lenyewe wanaliheshimu sana. Uchiawase yetu siku ile ilikuwa sentensi moja: “Leo ukurasa wa 64, tafadhali usome.” Nikasoma. Mazungumzo yale yalikuwa ya mistari 12, na darasa zima lilirudia mstari mmoja mmoja nyuma yangu, mara nne, wakiwa wima na adabu kamili, bila mtu yeyote kuhitaji kujua njia ya kwenda popote. Kisha yeye akafafanua sarufi kwa Kijapani, nami nikasimama kando ya dirisha. Kadi zilirudi mkobani zikiwa zimefungwa kwa mpira kama nilivyozileta.

Wasaidizi wengi waliofanya kazi Japani watawaeleza kisa kama hicho, na wengi wao humlaumu mwalimu Mjapani. Husema hataki mabadiliko, anaogopa kuzungumza Kiingereza, anamtumia mgeni kama kinasa sauti. Nami nilisema hivyo mwaka wangu wa kwanza, na nilikosea vibaya, na ndiyo maana nazunguka kulisema jambo hili. Mwalimu aliyepewa sekunde ishirini kwenye korido huchagua somo lisiloweza kuharibika. Kusoma na kurudia hakuharibiki. Mchezo wa kadi ambao mwenzako ameubuni usiku na wewe hujauona unaweza kuharibika mbele ya vijana 34, na ukiharibika, ni wewe mwenye leseni utakayebaki na nusu saa mkononi na mtihani unakuja. Katika nafasi yake ningechagua ukurasa wa 64.

Jumatano nilikuwa shule ya msingi, na hapo nitapita haraka ingawa panastahili mhadhara wake. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka, kila kimoja dakika 45, na darasa la tatu na la nne wana shughuli za lugha za vipindi 35. Walimu wa darasa walioupokea mzigo huo wengi wao hawakuandaliwa chuoni kufundisha Kiingereza. Niongeze furaha moja tu ya siku ile. Kijapani, kama Kiswahili, kina irabu tano na hupenda kumalizia silabi kwa irabu, hivyo neno la kigeni likiingia huvishwa irabu mwishoni. Nilipowaambia watoto kwamba kwetu tunasema basi na hoteli, nao wakasema *basu* na *hoteru*, darasa zima liliangua kicheko cha kutambuana, na baada ya hapo waliniruhusu niwaonyeshe ni irabu ipi ya kudondosha wanapolisema neno hilo kwa Kiingereza.

Alhamisi, basi. Shule nyingi za Japani husimamisha vilabu siku kadhaa kabla ya mitihani ili wanafunzi wajisomee, na katika shule yetu vilisimama Alhamisi ile. Saa 9:45 alasiri mwenzangu alikuwa mezani kwake, ameketi. Alikuwa na mtihani wa kutunga, kwa sababu huko mitihani ya muhula hutungwa na mwalimu mwenyewe, lakini aliniona nikipita akanivutia kiti. Tukakaa dakika 15, labda zikafika 20. Nilimwaga kadi zangu mezani. Alizipanga kimya, akazitazama, kisha akaanza kuziondoa moja moja mpaka zikabaki 9. Akasema wale watoto hawataelekeza njia katika mji uliomo kitabuni, kwa sababu hakuna anayeishi mle. Tuwape mji wao. Akachukua karatasi akachora stesheni ya kwetu, hekalu la Shinto, duka la matofaa, mto, na madaraja yake mawili. Kisha akasema yeye mwenyewe atakuwa mgeni aliyepotea, na hatajua Kijapani hata neno moja kwa dakika 20.

Wazo la kumfanya mwalimu apotee lilitoka kwake, na mimi nisingeweza kulifikiria, maana nisingejua kwamba ndani ya darasa lile alikuwamo kijana wa besiboli aliyelala kila kipindi na ambaye asingekubali kumwona mwalimu wake wa darasa akitumbukia mtoni. Yeye alijua, kwa kuwa alisoma shajara zao.

Ijumaa kipindi cha pili alipita katikati ya madawati akiwa ameshika ramani juu chini, akiuliza njia ya stesheni. Wasichana wa mbele walimpeleka vizuri mpaka hekaluni. Alipokosea kwa makusudi akageuka kuelekea mtoni, kijana wa besiboli akasimama bila kuitwa, akapaza sauti kwa Kiingereza chenye maneno matano na kiunganishi kilichokosekana: si huko, mwalimu, huko ni mto! Mwalimu akauliza, basi nipinde wapi? Na kijana akabaki amesimama, akatafuta kadi ya kulia ubaoni kwa macho, akaipata, akasema. Hakuna aliyerudia nyuma yangu siku ile. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma na wale walioniita pembeni kuniuliza neno.

Walimu walewale, wanafunzi walewale, mada ileile, tofauti ni dakika 15 au 20.

Sasa mtasema kwamba nimejenga hoja kubwa juu ya kijana mmoja. Haya, tazameni takwimu. Utafiti wa kimataifa wa OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, wa mwaka 2018 uliwauliza walimu wa sekondari ya chini saa zao za kazi kwa wiki. Walimu wa Japani walitaja saa 56, wakati wastani wa nchi zilizoshiriki ulikuwa saa 38.3. Lakini katika saa hizo 56, saa za kufundisha zilikuwa 18 tu, pungufu ya wastani ambao ni 20.3. Anayehesabu vipindi atasema mwalimu wa Japani ana mzigo mwepesi. Vilabu na shughuli za nje ya masomo vilichukua saa 7.5 kwa wiki, na kwingineko saa 1.9. Na saa hizo za ziada hazilipwi kwa saa: sheria ya mwaka 1971 iliwapa walimu wa shule za umma nyongeza ya asilimia 4 ya mshahara badala ya malipo ya muda wa ziada, kwa kutegemea uchunguzi wa mwaka 1966 ulioonyesha takriban saa 8 za ziada kwa mwezi. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria hiyo ili nyongeza ipande hatua kwa hatua hadi asilimia 10. Naipongeza hatua hiyo, lakini fedha haimpi mwenzangu kiti cha kukalia saa 9:45.

Kuna wanaosema: basi ongezeni wasaidizi kutoka nje. Jamani! Msaidizi wa pili angekuwa mtu wa tatu kwenye korido. Wengine husema andalio la somo liandikwe na kutumwa mapema kwa barua pepe. Nilituma. Barua pepe haiwezi kuziondoa kadi 27.

Ninachokiomba ni kidogo na nimekiomba kwa miaka: robo saa ya walimu wawili iandikwe kwenye ratiba kama kipindi, iwe na namba yake, na anayetaka kuichukua kwa mkutano aombe ruhusa kama anavyoomba kuchukua kipindi cha hisabati. Japani yenyewe, tangu mwaka 2023, imeanza kuvihamishia vilabu vya siku za mapumziko mikononi mwa jamii, kwa hiyo muda unaweza kupatikana pakiwa na nia.

Nilitaka kuzungumzia mtihani wa kuzungumza ambao Tokyo iliuanzisha Novemba 2022 kwa wanaoomba sekondari ya juu, na nilitaka zaidi kuzungumzia mikataba ya wasaidizi wanaoletwa na kampuni, ambao wengine, kisheria, mwalimu wa darasa haruhusiwi kuwapa maelekezo moja kwa moja, hata awe amesimama nao ubaoni. Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo tutayachukua katika maswali.

Nimalizie kwa wiki iliyofuata mitihani. Mitihani ilipokwisha, vilabu vilirudi siku ileile. Jumatatu nikakutana na mwenzangu kwenye korido, kengele inalia, amekumbatia madaftari 34. Alisimama, akanitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kuniambia jambo refu. Kisha akasema: “Ukurasa wa 71, tafadhali.”

Ahsanteni.