Herufi Moja Katika Damu: Mhadhara Juu ya Jeni, Urithi na Ugonjwa wa SS

(Mhadhara huu ulitolewa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari katika komini ya Kamalondo, Lubumbashi.)

Wazazi wetu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokubali kutoka nyumbani asubuhi katika baridi hii ya mwezi wa sita, ninawashukuru.

Hapa mezani kuna darubini, na chini ya lenzi yake kuna tone la damu. Jana jioni niliweka tone hilo juu ya kioo, nikalifunika kwa kioo kingine chembamba, nikaziba kingo zote ili hewa isipite. Jana chembe nyekundu zilikuwa za mviringo kama sahani. Leo nyingi zimejikunja na kuchongoka ncha mbili, mfano wa mundu. Wengi wenu mnakijua kipimo hiki kwa jina la Emmel, na pengine mmewahi kupewa karatasi yenye jibu lake. Sasa sikilizeni vizuri: damu iliyo chini ya darubini hii ni yangu mimi. Nimetimiza miaka 52, na sijalazwa hospitalini hata siku moja kwa ajili yake. Mimi ni AS, yaani ninabeba kosa la jeni bila kuugua. Mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekuwa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu, alifariki akiwa na miaka tisa, na lau tungaliweka damu yake kando ya yangu katika kipimo hiki, karatasi zetu zingaliandikwa neno lile lile.

Tofauti yetu ilitoka wapi, ilhali baba ni mmoja na mama ni mmoja? Nyumbani kwetu jibu lilitolewa upesi: wakubwa wa ukoo walisema ugonjwa umetoka upande wa mama. Mama yangu aliubeba mzigo huo hadi uzeeni. Ninataka kueleza leo kwa nini walikosea, na kwa kufanya hivyo nitakuwa nimeeleza sehemu kubwa ya elimu ya jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi.

Kila mmoja wetu anazo nakala mbili za karibu kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Sheria hii iligunduliwa na mtawa Gregor Mendel katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, naye aliichapisha mwaka 1866 baada ya kuzalisha njegere kwa miaka mingi na kuzihesabu mbegu moja moja. Katika hesabu yake mojawapo alipata mbegu laini 5,474 na zenye makunyanzi 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Hakuwa amewahi kuiona jeni, wala hakuwa na jina hilo. Hesabu peke yake ndiyo iliyomwonyesha kwamba kitu kinaweza kufichika katika kizazi kimoja na kutokeza kamili katika kizazi kinachofuata.

Naomba wanafunzi wawili waje mbele. Mmoja ashike mfuko huu, ndio baba. Mwingine ashike huu, ndio mama. Katika kila mfuko nimetia maharage mawili, moja jeupe ambalo ni A, jeni nzima, na moja jekundu ambalo ni S, jeni yenye kosa. Wazazi hawa wote wawili ni AS, na wote wawili ni wazima. Kila mmoja atoe haragwe moja bila kutazama, mwalimu aandike ubaoni, kisha yarudishwe mfukoni.

Tumerudia mara ishirini, na ubaoni mnasoma hivi: meupe yote mawili mara nne, rangi mbili mara kumi, mekundu yote mawili mara sita. Kwa hesabu tulitazamia mara tano, mara kumi, na mara tano. Angalieni zaidi ule mstari wa tisa hadi wa kumi na moja, ambapo mekundu mawili yametoka mara tatu mfululizo. Katika familia halisi, hao ni watoto watatu wagonjwa waliofuatana, na jirani angesema nyumba ile imelaaniwa. Lakini mifuko haikumbuki ilichotoa mara ya kwanza. Kila mimba huanza upya, ikiwa na nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Ndiyo maana wazazi wawili walio AS wanaweza kupata watoto wanne wote wazima, na hilo hutokea kwa takriban theluthi moja ya familia za namna hiyo zenye watoto wanne. Na hamjaona hata mara moja mekundu mawili yakitoka katika mfuko wa mama peke yake. Haiwezekani. Kila mtoto aliye SS amepokea S moja kwa baba yake.

Sasa tuisogelee hiyo S. Jeni tunayoizungumzia iko katika kromosomu ya 11, mojawapo ya vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya seli, nayo ni maelekezo ya kutengeneza mnyororo mmoja wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Maelekezo yote ya mwili wa binadamu yameandikwa katika DNA kwa herufi nne tu, A, T, G na C (A hii si ile ya maharage), na nakala moja ya maandishi hayo ina herufi kama bilioni tatu. Herufi husomwa tatu tatu, na kila tatu hutaja asidi amino moja, yaani kipande kimoja cha protini. Katika jeni hii, mahali palipopaswa kusomeka GAG pamesomeka GTG. Herufi moja imebadilika. Kwa sababu hiyo, asidi amino ya sita katika mnyororo wenye asidi amino 146 ni valini badala ya asidi glutamiki, jambo ambalo Vernon Ingram alilithibitisha huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957. Valini haipendi maji. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujibandika kwenye molekuli ya jirani, ile ya jirani hushika nyingine, na ndani ya chembe huota nyuzi ngumu zinazoivuta ikawa mundu. Chembe ya namna hiyo hukwama katika mishipa myembamba, na badala ya kuishi siku 120 kama nyingine, huvunjika baada ya siku kumi hadi ishirini hivi. Humo ndimo yanamotoka macho ya njano, upungufu wa damu, na yale maumivu ya mifupa ambayo mama wa Lubumbashi huyaogopa zaidi baridi inapozidi. Kwa mtoto mdogo, mara nyingi dalili ya kwanza ni mikono na miguu: vidole huvimba, ngozi hukazana na kung'aa, na mtoto hulia akiguswa.

Mtu atauliza kwa nini jeni yenye madhara hivi haikufutika zamani. Jibu lilitolewa na Anthony Allison mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki: mwenye A moja na S moja hulindwa sana dhidi ya malaria kali. Katika nchi zenye mbu wengi, watoto walio AS walipona zaidi kuliko wenzao, wakakua, wakazaa. Huko Kinshasa, watoto wachanga 31,204 walipimwa katika mradi uliochapishwa mwaka 2009, na karibu 17 kati ya kila 100 walikutwa na AS, huku SS wakiwa 1.4 kati ya 100. Kwa hiyo ninyi mlio AS msione haya. Damu hiyo huenda ndiyo iliyomwokoa bibi wa bibi yenu.

Nafika sasa penye jambo linalonigusa zaidi. Mama mwenye mtoto SS atawaambia kwamba miezi ya kwanza mtoto alikuwa mzima kabisa, akinyonya na kucheka, na kwamba ugonjwa ulianza baadaye, karibu na mwezi wa sita. Wengine hutafuta nani aliyemroga katika kipindi hicho. Mwaka 1948 daktari wa watoto huko New York, Janet Watson, alitoa maelezo mengine: mtoto tumboni hutumia hemoglobini ya namna yake, na hiyo hubaki kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Hemoglobini hiyo ya tumboni hutoka katika jeni nyingine, jirani kabisa na ile yenye kosa, na jeni hiyo haina S. Baada ya kuzaliwa mwili huizima na kuiwasha ile ya utu uzima, ndipo ugonjwa unapotokea. Jeni ya tumboni haipotei. Imelala tu, hata katika mwili wangu mimi ninayesimama hapa.

Kurithi jeni ni jambo moja, na kuitumia ni jambo jingine. Seli ya jicho na seli ya uboho zina DNA ile ile, lakini jicho halitengenezi hemoglobini. François Jacob na Jacques Monod walionyesha mjini Paris, katika bakteria, kwamba wako wazuiaji ambao kazi yao ni kuzuia jeni isisomwe. Kwa binadamu, mzuiaji mkuu wa jeni ya tumboni alijulikana mwaka 2008, baada ya watafiti kulinganisha DNA ya watu wenye hemoglobini hiyo kwa wingi na ya wenye kidogo: ni protini iitwayo BCL11A. Tangu hapo swali likawa moja: je, mzuiaji anaweza kuondolewa?

Njia mojawapo imekwisha kufunguliwa. Kwa kutumia CRISPR, mkasi wa molekuli uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020, seli shina za uboho wa mgonjwa, zile zinazozaa chembe za damu, hutolewa, DNA yake hukatwa pale panapoiamsha BCL11A ndani ya seli za damu, kisha hurudishwa mwilini. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake huko Marekani inazidi dola milioni mbili, nami siwezi kuitaja mbele ya wazazi wa Kamalondo bila uchungu. Ieleweke pia kwamba mkasi huo haugusi mbegu za uzazi: aliyetibiwa bado huwarithisha watoto wake S.

Njia ya pili iko karibu nasi zaidi. Kidonge cha hidroksiurea huongeza hemoglobini ya tumboni, na mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watoto 606 waliokitumia katika nchi nne za Afrika, Kinshasa ikiwa miongoni mwa vituo vinne: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Mdogo wangu hakuwahi kukipata. Kidonge hiki hunywewa kila siku chini ya daktari, na damu hupimwa mara kwa mara kwa kuwa kikizidi hushusha chembe nyeupe.

Mwenye mtoto ambaye vidole vyake vimewahi kuvimba, au aliyeambiwa kwamba Emmel imeonyesha mundu, aombe kipimo cha elektroforesi, kwa maana hicho ndicho kinachotenganisha AS na SS. Na siku ya kwenda, mama asiende peke yake. Baba wa mtoto aende naye, naye pia anyooshe mkono atolewe damu, majibu ya wote watatu yasomwe pamoja.