Visiwa vya Stockholm kwa Miguu na Boti: Tupange Pamoja Safari ya Agosti

Habari zenu ndugu zangu, mlioko Tanga, Dar, Mombasa, Unguja na popote mnaponitazama. Shikamooni wakubwa wangu. Karibuni tena nyumbani kwangu Stockholm, Uswidi.

Leo hatutoki nje. Nimekaa mezani na ramani, kalamu na ratiba za boti, kwa sababu mdogo wangu anakuja kunitembelea mwisho wa Agosti na nimemwahidi safari ninayoipenda kuliko zote huku. Tutatembea visiwani kwa miguu, tunalala kwenye vibanda vya mbao, asubuhi tunavuka kwa boti kwenda kisiwa kingine. Nataka niipange mbele yenu, ili na wewe mwenye ndugu huku ujue inavyopangwa.

Mashariki ya mji huu bahari imejaa visiwa, takribani 30,000 ukijumlisha na vimwamba wanapotua ndege wa baharini tu. Oktoba 2024 ilizinduliwa njia ya miguu inayoitwa Stockholm Archipelago Trail, kilomita 270 kwa jumla, kuanzia Arholma kule kaskazini hadi Landsort kusini, kupitia visiwa zaidi ya 20. Msifikirie ni barabara moja ndefu. Ni vipande vipande, kila kisiwa na kipande chake, na boti ndizo zinazoviunga. Hakuna anayekudai uimalize yote. Unachagua visiwa vyako vitatu au vinne, unatembea kwa raha zako.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Watu wengi wakipanga safari ya miguu wanaanza na kilomita: leo tutembee kumi, kesho kumi na tano. Kwa visiwa hivi usianze huko. Kutembea ni rahisi, hakuna mlima wa kukutoa roho. Anayeamua safari yako ni boti. Kuna visiwa ambavyo boti ya kutoka mjini inafika mara kadhaa kwa siku, lakini ile ya kukuvusha kwenda kisiwa cha jirani, unachokiona kwa macho pale ng'ambo, inapita mara moja tu, au haipiti kabisa siku hiyo. Ikikuacha umelala hapo hapo. Kwa hiyo mimi naandika kwanza boti zote za kuvuka, siku na saa, halafu ndipo najaza kilomita katikati.

Na ratiba zenyewe hubadilika kwa majira. Kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti boti ni nyingi, lakini Waswidi wote nao wako likizo, vibanda vimejaa na bei imepanda. Baada ya hapo watoto wanarudi shule, visiwa vinatulia, boti zinapungua, na baadhi ya njia za kati ya visiwa zinabaki za wikendi. Mimi nimechagua mwisho wa Agosti kwa makusudi. Jua linazama karibu saa mbili usiku, bahari bado ina joto la kuogeleka (kwa viwango vya huku, jamani), na msituni uyoga na matunda madogo mekundu yameiva, unachuma bure. Sheria ya huku inamruhusu mtu yeyote kupita msituni, kuchuma matunda, hata kupiga hema usiku mmoja mbali na nyumba za watu, mradi asiharibu kitu. Kwenye hifadhi kuna masharti ya ziada, yasome kabla hujafungua hema.

Njia yetu ni ya kusini. Treni ya abiria kutoka katikati ya mji inafika Nynäshamn kwa kama saa moja, na kutoka pale tunapanda boti hadi Nåttarö. Hiki kina misonobari na fukwe za mchanga, kitu adimu huku, maana visiwa vingi ni jabali tupu hadi majini. Nimekiweka cha kwanza ili mtoto wa Tanga aanze na anachokijua. Kuna vibanda vya kukodi na mahali pa hema. Baada ya hapo Rånö, kisiwa kimya, tunapita tu. Halafu tunashukia Ålö, ambacho kimeungana na Utö kwa daraja, hivyo kutoka pale ni miguu.

Lakini mkae mkijua: sehemu ya Utö ni uwanja wa jeshi wa kulenga shabaha, na barabara ya kutoka Ålö inapita humo. Jeshi likiwa na mazoezi, inafungwa. Matangazo hutolewa mapema, kwa hiyo tarehe za jeshi nazo naziandika pembeni ya ratiba ya boti. Mkipuuza hilo mtasimama mbele ya kizuizi cha barabarani na mabegi mgongoni huku boti ya kurudi ikisubiri upande wa pili.

Utö ndiyo roho ya safari hii. Palikuwa na machimbo ya chuma ya kale sana, yakafungwa 1879, na mashimo yake bado yapo yamejaa maji meusi. Moja lina kina cha zaidi ya mita 200. Unasimama kwenye uzio unatazama chini, huoni mwisho. Sasa shika simu yako unayonitazamia. Mwaka 1817 kijana mmoja mwanakemia, Johan August Arfwedson, alikuwa Stockholm akichunguza jiwe lililotoka kisiwa hicho hicho, hesabu zake zikawa hazikamiliki, kuna kitu kimebaki hakijulikani. Kitu hicho kikaja kuitwa lithiamu. Leo kipo kwenye betri ya simu yako hapo mkononi. Mimi kila nikifika pale nasisimka, na nataka mdogo wangu aguse lile jabali kwa mkono wake.

Jambo lingine, gati. Visiwa vidogo boti haisimami kama hakuna mtu wa kupanda wala wa kushuka. Kwenye gati kuna mlingoti wenye kibao cheupe cha duara. Wewe abiria unakigeuza kiitazame boti inakotokea, nahodha akikiona anajua kuna mtu, anakuja. Giza likiingia unatumia tochi, unamulika kuelekea botini. Ukiwa umekaa tu kwenye benchi unangoja, boti inakupita hivi hivi. Ukishapanda, kibao kinatakiwa kiwe kimerudishwa kilivyokuwa. Na vituo vingine vinataka uagize kwa simu kabla, ratiba inaonyesha alama, zisome zote hadi zile maandishi madogo ya chini.

Mtaniuliza, bahari yenyewe ikoje? Ndugu zangu wa pwani, hii itawashangaza: hakuna kupwa na kujaa. Gati liko usawa ule ule asubuhi na jioni, hamna cha bamvua. Na maji yana chumvi kidogo mno, kama moja ya tano ya chumvi ya bahari yetu, lakini usiyanywe. Beba maji ya kutosha, maana visima vya visiwani kiangazi hupungua. Halafu ardhi yenyewe inapanda, karibu nusu sentimita kila mwaka, tangu ile barafu nzito ya zamani ilipoyeyuka. Ndiyo maana utaona banda la boti la zamani limekaa nchi kavu, na maji yako kule mbele.

Kuhusu kupe, sitanii hata kidogo. Visiwa hivi vina kupe wadogo wanaoambukiza homa ya ubongo na ugonjwa wa Lyme. Ile homa ina chanjo, ila dozi mbili za kwanza hupishana kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kwa hiyo usisubiri wiki ya safari. Lyme haina chanjo ya kukimbilia, ila inatibika ikiwahiwa. Suruali ndefu ndani ya soksi, na kila jioni mnakaguana: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Ukimkuta, mvute taratibu kwa kibano, usimpake mafuta.

Mzigo uwe mwepesi. Koti la mvua, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, kwa sababu jabali likilowa linateleza vibaya. Shuka na foronya zako, hosteli nyingi za huku hazikupi bila malipo, na asubuhi unafagia chumba mwenyewe kabla ya kuondoka. Chakula cha siku mbili kila mara, maduka ni machache. Kadi ya benki, noti wengi hawapokei. Pale Utö nitanunua mkate wao wa Utölimpa, mzito, mtamu kidogo, unakaa siku nyingi bila kuharibika.

Mwisho ni viza. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Uswidi, yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, wanataka kuona bima ya angalau euro 30,000 na mahali utakapolala. Risiti za vibanda zinaingia humo humo, kwa hiyo vibanda vinahifadhiwa kabla ya viza, na uchague vile vinavyorudisha pesa ukighairi. Kurudi mjini tutapanda boti ya Utö hadi Årsta, haifiki saa moja, halafu basi na treni. Hiyo ya jioni nimeshaizungushia wino mwekundu.

Mdogo wangu, najua unanitazama. Kesho asubuhi nahifadhi Nåttarö. Nitumie picha ya pasipoti yako usiku huu.